Nembo Kibanjani

Mwezi Machi, mvua za masika zilipokolea, nilikwenda Muleba kumsaidia mama kupanda migomba. Neno "kumsaidia" nalitumia kwa adabu tu. Kwa kawaida mama huonyesha mahali pa kuchimba, vijana wawili wa jirani huchimba, na mimi mhadhiri husimama pembeni nikiwa nimeshika simu. Siku hiyo vijana walikuwa wamekwenda msibani, kwa hiyo nililishika jembe mwenyewe.

Katika shimo la tatu jembe lilinasa kitu ambacho hakikuwa jiwe wala mzizi. Nikavuta. Ikatoka kamba ya buluu ya kuning'inizia kitambulisho shingoni, ikiwa na ndoano ya chuma. Ndoano ilikuwa imeliwa na kutu karibu yote. Kamba ilikuwa nzima. Nikaifuta kwa kidole gumba, maandishi yakasomeka: jina la semina, nembo tatu za wafadhili, na mwaka 2012. Ilikuwa semina ya hifadhi ya udongo, iliyofanyika siku mbili katika hoteli moja ya Bukoba. Mimi nilikuwa mmoja wa watoa mada.

Mama aliitazama, akasema kwa Kihaya kwamba kitu hicho amekwisha kukifukia mara mbili, na kila mara hurudi.

Naikumbuka vizuri siku niliyoileta. Pamoja na kamba ile tulipewa mkoba, fulana, kofia, chupa ya maji, kalamu mbili na kijitabu ambacho kurasa zake za kwanza zilikuwa salamu za viongozi. Mtu hatoki mjini kwenda kwa mama yake mikono mitupu, na mimi mwisho wa mwezi ule sikuwa na kitu. Nikambebea mama mzigo wote wa semina. Fulana aliivaa shambani mpaka ikachanika mabegani. Mkoba ulibeba maharage hadi vishikio vikakatika. Kisha kila kimoja kilikwenda kinakokwenda kila kitu katika nyumba ya Mhaya, yaani kibanjani.

Kwa msomaji asiye wa Kagera, sina budi kueleza neno hili. Kibanja si shamba kwa maana ya kawaida. Ni bustani inayoizunguka nyumba, yenye migomba na mibuni chini ya kivuli kimoja, na maharage, magimbi na mboga katikati. Nje yake kuna rweya, yaani nyika ya majani yenye udongo duni. Wageni wengi huuona uzuri wa kibanja wakadhani ni bahati ya ardhi. Sivyo. Udongo wa sehemu kubwa ya Bukoba na Muleba, uliooshwa na mvua nyingi kwa karne na karne, ni dhaifu. Rutuba ya kibanja imetengenezwa na watu: majani yaliyokatwa rweya na kutandazwa, samadi ya ng'ombe waliolishwa huko huko rweya, majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, maji machafu, magome, nguo zilizozeeka. Kilichotoka ndani ya nyumba kilirudi chini ya mgomba. Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa na neno la taka kwa maana tuliyonayo leo mjini. Walikuwa na chakula cha watu na chakula cha migomba.

Mpango huo ulitegemea sharti moja ambalo hakuna aliyewahi kulitamka, kwa kuwa hapakuwa na haja: kwamba kila kitu huoza. Hata nguo. Kabla ya pamba kufika, watu wa pande hizi walivaa nguo za magome ya mtoma yaliyopondwa, kama ndugu zetu Waganda, ambao ufundi wao huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Nguo ya gome ikichakaa ilikuwa tena gome. Khanga ya pamba nayo, ikishamaliza kazi ya kubeba mtoto, ya kujifunika msibani na ya kudekia, udongo huimaliza.

Kamba ya semina ya udongo ilikuwa ya poliesta.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivitazama kwa jicho jingine vitu ambavyo katika bajeti zetu huitwa "vifaa vya hamasa" au "vifaa vya matangazo". Watumishi wa umma mnanisoma hapa. Mnajua kifungu hicho hakikosekani. Mradi wa maji una fulana zake. Chanjo ina kofia zake. Wiki ya huduma kwa wateja ina mikoba, mkutano mkuu una mikoba, uzinduzi wa mkakati una mikoba na pia bango kubwa nyuma ya meza kuu lenye tarehe, na bango lenye tarehe haliwezi kutumika tena kesho yake. Kagera tumevipokea vitu hivi kuliko mikoa mingi. Hapa ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mwaka 1983. Hapa na Kigoma ndipo walipoingia wakimbizi wa Rwanda na Burundi miaka ya tisini. Hapa lilipiga tetemeko la Septemba 10, 2016. Kila janga lilileta mashirika, na mashirika yalileta msaada ambao wengi wetu tunaushukuru hadi leo. Yalileta pia nembo. Ukitaka kusoma historia ya mkoa huu kwa miaka arobaini iliyopita, unaweza kupita mashambani asubuhi na kusoma migongo ya wanaolima.

Juu ya hizo zetu zimejaa za wengine. Kwenye marobota ya mitumba yanayofunguliwa soko la Bukoba hutoka fulana za mbio za hisani za miji ambayo mvaaji hataiona kamwe, za mikutano ya kampuni, za mashindano ya shule za Marekani. Kule kwao kuna hata utaratibu wa kuchapa mapema fulana za ubingwa kwa timu zote mbili zinazocheza fainali, kisha za aliyeshindwa kupelekwa nchi maskini kama msaada. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuachana na mitumba hatua kwa hatua; Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya soko lake, na nchi zote zikarudi nyuma isipokuwa Rwanda, iliyofungiwa nafuu hiyo kwa bidhaa za nguo mwaka 2018. Lakini hiyo ni makala nyingine. Leo nataka tuzungumze juu ya takataka tunazojitengenezea wenyewe kwa fedha zetu, tukiwa tumekaa kwenye kamati.

Vimetengenezwa kwa nini? Hilo ni swali ambalo katika kamati zote nilizokaa sijawahi kulisikia likiulizwa. Huulizwa rangi, huulizwa ukubwa wa nembo, huulizwa bei. Sasa zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni poliesta, na poliesta ni plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Fulana nyepesi za kugawa ni za poliesta tupu au ya kuchanganya. Kofia ni poliesta. Bango la fleksi ni PVC iliyopakwa juu ya wavu wa poliesta. Ukilichoma, moshi wake una asidi na sumu za daioksini, na sisi hulichoma, au hulitumia kuezeka banda la kuku mpaka jua lilipukutishe. Na mkoba ule wenye sura ya kitambaa, mkavu, unaotoa sauti ya karatasi ukiukunja, ni polipropilini.

Hapo kuna kisa cha kisheria ambacho wanafunzi wangu hucheka nikiwasimulia. Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa itapigwa marufuku, na Juni 1 mwaka huo marufuku ikaanza. Zanzibar ilikwisha kututangulia mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017. Nami naungama, bila kejeli yoyote, kwamba lilikuwa mojawapo ya maamuzi ya serikali yaliyotekelezwa kwa haraka na kwa mafanikio ambayo sikuyategemea. Katika muda wa majuma machache mifuko iliyokuwa ikining'inia kwenye nyaya na miti ya Bukoba ilipungua mno. Mto Kanoni, unaopita katikati ya mji kwenda ziwani, ulianza kupumua.

Ila mkono uliokuwa umeshika mfuko ulihitaji kushika kitu. Vikapu vyetu vilikuwepo, lakini soko lilijaa "mifuko mbadala", na mbadala huo kwa sehemu kubwa ni polipropilini ile ile niliyoitaja, iliyopangwa kama kitambaa. Shirika la Viwango likaweka sharti kwamba uzito wake usipungue gramu 70 kwa kila mita ya mraba, ili udumu na utumike mara nyingi. Sharti hilo lina hekima yake kama mfuko umenunuliwa na mama anayekwenda nao sokoni kila siku. Kwenye semina hali hugeuka. Mkoba unatolewa kwa mtu asiyeuhitaji, aliyekwisha kupata mitatu kama huo mwaka huo huo, naye anaupeleka nyumbani, unakaa nyuma ya mlango. Mkoba mzito usiotumika ni plastiki nyingi zaidi kuliko mfuko mwepesi usiotumika. Tena kanuni za 2019 zinamtoza faini mtu anayekutwa na mfuko uliokatazwa, kuanzia shilingi 30,000, wakati taasisi inayoagiza mikoba 1,000 kwa ajili ya siku moja haivunji sheria yoyote. Muuza karanga wa stendi ya Bukoba anaogopa kushikwa na vipakiti vyake, na mimi napita mbele yake nikiwa nimebeba plastiki yenye nembo ya mazingira.

Mwisho wa safari ya vitu hivi tunaufahamu, kwa kuwa tunaula. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wanasayansi walionunua sangara na sato soko la Mwanza na kuwapasua matumbo. Katika samaki mmoja kati ya kila watano walithibitisha chembe za plastiki. Ulikuwa ushahidi wa kwanza wa aina hiyo katika Maziwa Makuu ya Afrika. Vyanzo walivyovitaja kuwa vinawezekana ni vifungashio na nguo, yaani maisha ya kawaida ya miji ya pembezoni mwa ziwa. Na ziwa la Mwanza ndilo la Bukoba, ndilo la Kemondo, ndilo la visiwa vya Muleba.

Siasa siwezi kuikwepa. Waliokuwepo hapa Oktoba 2025 wanajua mji ulivyokuwa. Kabla ya hapo, wengi wetu tuliokulia katika uchaguzi wa vyama vingi tulilelewa na neno takrima. Vifungu vya takrima viliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000, vikihalalisha ukarimu wa jadi kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha. Shauri lile lilifunguliwa na asasi tatu: LHRC, NOLA, na LEAT. Wanafunzi wa sheria hulisoma kama shauri la usawa na rushwa, na ndivyo lilivyo. Mahakama iliona kuwa vifungu vile vinampendelea mgombea mwenye fedha. Mimi huwa natua kwenye jina la LEAT. Hao ni wanasheria wa mazingira. Sidhani kama walikwenda mahakamani wakifikiria fulana zinaishia wapi. Walikwenda kutetea kura. Lakini huona kwamba waligusa kamba moja yenye ncha mbili. Kitu kinachotolewa bure ili kununua hisia hakina sababu ya kudumu zaidi ya hisia hiyo. Hutengenezwa hafifu kwa makusudi, kwa wingi, kwa haraka. Takrima ikafa kisheria, mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi na viwango vyake, na fulana ikaendelea kuishi kwa jina jipya la vifaa vya kampeni.

Nilikwenda Kashai kumtembelea kijana mmoja aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, ambaye ana chumba cha kuchapa fulana. Alinisalimu kwa heshima zote, akanipa kiti pekee kilichokuwepo, akaendelea kufanya kazi. Nilimwuliza kwa nini hatumii pamba. Kanda ya Ziwa ndiyo inayolima pamba ya nchi hii, Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, na sehemu kubwa huondoka ikiwa marobota bila kusokotwa hapa.

"Mwalimu, sura ya mtu haikai kwenye pamba," alinijibu.

Akanionyesha. Ile mashine ya joto inayohamisha picha ya rangi zote kutoka kwenye karatasi hadi kwenye nguo hutumia wino unaogeuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi za poliesta. Pamba haupokei, picha huwa hafifu na kufutika. Kwa pamba inabidi kuchapa kwa fremu ya wavu, kila rangi na fremu yake, kazi ya siku nzima kwa nembo yenye rangi tatu. Mgombea hataki nembo yenye rangi tatu. Anataka uso wake, na meno yaonekane. Kwa maneno mengine, tamaa ya uso ndiyo inayochagua poliesta, hata kabla ya bei. Nilikuwa nimesoma mengi juu ya jambo hili na sikuwa nimelijua hilo.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Alisema kampeni za mwaka ule ndizo zilizomlipia mashine. Nembo za sare za shule na jezi za vilabu vya mtaani ndizo zinazomlipia kodi ya chumba. "Sasa Mwalimu, ukiandika hayo na watu wakakusikia, mimi utaniweka wapi?" Hakuuliza kwa ubishi. Alikuwa anakunja fulana huku akiuliza.

Nilimjibu kwa yale maneno tuliyozoea, uchumi wa kijani na fursa mbadala, nikaona usoni mwake kwamba amekwisha kuyasikia kwenye semina. Nikanyamaza. Baadaye, nikiwa kwenye daladala, nilipata la kumjibu, kama ilivyo kawaida yangu kuchelewa: kwamba sare na jezi anazozichapa huvaliwa miaka mitatu na mtu aliyezihitaji, na kwamba kama fedha ya umma ingenunua kutoka kwake vitu vya namna hiyo, mashine ingelipwa pia, polepole zaidi. Sijui kama lingemridhisha. Benki haingojei polepole.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Mwaka uliopita taasisi ninayofanyia kazi iliandaa kongamano la watu 400, na mimi nikateuliwa katika kamati ya maandalizi. Jedwali la bajeti lilipokuja, kulikuwa na mkoba, fulana, kofia, chupa, daftari na kalamu. Nikainua mkono. Nikasema sisi ni watu wa Kagera, na tuna zawadi yetu ya mgeni ambayo ni ya zamani kuliko nembo zote. Kila aliyekuwepo mezani alijua ninachotaka kusema: kahawa ya kutafuna, akamwani. Punje za robusta huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa, zikafungwa vipakiti vidogo kwa maganda makavu ya mgomba. Mgeni akiingia nyumbani, kabla ya neno, hupewa punje atafune. Hata wale waliofanya omukago, undugu wa kuchanjiana damu, waliapa kwa kahawa, kwa kuwa tunda moja la buni lina punje mbili zilizolaliana, kila ndugu akameza yake. Mgeni wa kongamano angetafuna, na kile kifungashio angekitupa popote, mvua mbili tu kikawa udongo.

Wajumbe walifurahi. Mmoja alisema ni wazo zuri sana, na katika kamati maneno hayo ni dalili mbaya.

Ofisa ununuzi alikuwa mtu mwema na alinisikiliza. Akauliza wauzaji ni akina nani. Nikasema ni akina mama wa Kamachumu, wapo wengi, hata stendi wapo. Wamesajiliwa kwenye mfumo wa NeST? Hawajasajiliwa. Wana namba ya mlipakodi? Hawana. Wana risiti ya mashine? Nikacheka, naye hakucheka. Mkaguzi akija, alisema, hatafuni kahawa, anataka risiti. Kisha akauliza swali ambalo hadi leo naliona ndilo lililokuwa la maana kuliko yote: "Daktari, nembo itakaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Ganda la mgomba halichapwi. Na hapo ndipo nilipoielewa biashara nzima. Mkoba haununuliwi kwa ajili ya kubebea, wala chupa kwa ajili ya maji. Vinanunuliwa kwa ajili ya uso wake wa nje, mahali pa kuweka jina letu. Mtu akimpa mgeni akamwani, mgeni anakumbuka nyumba. Taasisi haiamini kumbukumbu isiyo na maandishi.

Orodha ikabaki kama ilivyokuwa, na ilipozungushwa kwa ajili ya saini nilitia saini. Nataka hilo liandikwe wazi kwa sababu makala za namna hii huwa na tabia ya kumwacha mwandishi upande wa watakatifu. Mikoba 400 ya polipropilini, gramu 70, iliagizwa kwa saini yangu pia. Baada ya kongamano niliihesabu iliyoachwa juu ya viti. Ilikuwa 61, mingine ikiwa na ratiba ndani, haijafunguliwa.

Tangu hapo nimefanya jambo moja dogo, nalo limenifundisha zaidi ya mihadhara yangu. Sheria ya ununuzi inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mlango upo. Ili kuupita, akina mama wale wanapaswa kuwa kikundi chenye katiba, muhtasari, akaunti ya benki, na usajili wa halmashauri kupitia ofisa maendeleo ya jamii. Mama yangu na wenzake kumi na mmoja waliamua kujaribu. Nimeandika katiba yao kwa mkono wangu, wakaikataa mara mbili kwa sababu haikutaja faini ya kuchelewa mazishini. Hadi kikundi kipate cheti ilichukua miezi minne na safari tano za kwenda Muleba mjini, kila safari na nauli yake, na kwenye safari mbili mhusika hakuwepo ofisini. Ninapowasikia wakubwa wakisema wananchi hawachangamkii fursa, huwakumbuka akina mama wale wakiwa wamekaa kwenye benchi la korido na bahasha mapajani.

Kuhusu nembo, yule kijana wa Kashai ndiye aliyelitatua, na alilitatua kwa kulicheka. Alichonga muhuri wa mpira, akaugonga kwa wino mweusi kwenye kipande cha kitambaa cha pamba cha upana wa vidole viwili, kikafungwa juu ya kipakiti kama utepe. Rangi moja, hakuna sura ya mtu. Alimtoza mama fedha kidogo sana kwa majaribio, nikamwambia asifanye hivyo tena, maana wema wa namna hiyo hauwezi kuwa biashara.

Bei ya kipakiti na utepe wake ni chini ya nusu ya mkoba. Mwezi ujao kamati ya kongamano la mwaka huu inakutana. Jedwali la bajeti limekwisha kusambazwa kwa barua pepe. Limenakiliwa kutoka la mwaka jana, na idadi ya mikoba imepanda kufikia 450. Nimejibu kwa kuambatanisha cheti cha kikundi, namba ya mlipakodi, na picha ya kipakiti. Ofisa ununuzi amenijibu kwa neno moja, "Nimepokea," ambalo kwa lugha ya ofisi zetu linaweza kuwa na maana yoyote. Wanaharakati mnaonisoma mtasema niende na barua ya wazi. Wengine wenu mmekwisha kuniandikia hivyo. Nitakwenda kwanza na kahawa.

Ile kamba ya buluu sikuirudisha Bukoba. Nilitaka kuja nayo darasani, lakini mama alikwisha kuipatia kazi. Amemfungia mbuzi nayo kwenye mti ulio karibu na jiko, na anaisifu kwamba haikatiki, hata mbuzi akivuta vipi. Nembo za wafadhili zimegeukia ndani, upande wa manyoya.